Shangazi, kila mtu ananiambia nisubiri

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Wa kwanza ameshaanza shule, wa pili ana mwaka mmoja na miezi saba, na huyu wa mwisho ana miezi mitano. Piga hesabu utaona mwenyewe: wa pili hakuwa ametimiza hata nusu mwaka nikawa nimeshabeba mimba ya huyu. Na sikujua hadi tumbo lilipoanza kuchomoza, kwa sababu tangu nijifungue sikuwa nimeziona siku zangu, na kila niliyemuuliza alinihakikishia kwamba anayenyonyesha hashiki mimba.

Huyu wa mwisho nilimzaa kwa upasuaji. Siku ya kuruhusiwa, daktari alipita kitandani kwangu na wenzake, akasoma faili, akasema, "Mama, sasa pumzika. Angalau miaka miwili." Akahamia kitanda cha jirani. Napumzikaje, hakuna aliyeniambia.

Nilirudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu. Mchana anabaki na bibi yake, mama mkwe wangu, anapewa maziwa ya kopo. Kuanzia jioni nikirudi hadi asubuhi ananyonya. Siku zangu bado sijaziona. Mimi na mume wangu tumeshaanza kukutana, mara ya mwisho ilikuwa wiki iliyopita, na hatutumii chochote. Yeye akishalala, mimi nabaki macho nikihesabu miezi.

Mwezi uliopita nilijikaza nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kliniki kuulizia uzazi wa mpango. Nilikaa kwenye foleni hadi mchana. Nesi aliniuliza bila kuinua macho kwenye daftari, "Unaziona siku zako?" Nikamwambia bado. "Basi rudi ukiziona. Nitajuaje kama huna mimba?" Nilikuwa nimeshageuka aliponiongezea, "Na ukija, uje na mumeo." Aliyasema kwa sauti, benchi zima likanitazama. Nikambeba mtoto wangu nikaondoka.

Mume wangu si mtu mbaya, Shangazi, na sijawahi kumwogopa. Nikimgusia habari hii hasemi hapana. Anasema, "Tusubiri kwanza umalize kunyonyesha, usije ukamkaushia mtoto maziwa." Siku nyingine anatania kwamba wanawake wanaotumia hizo dawa hupoteza hamu na waume zao, na wengine huanza kutoka nje kwa kuwa hawana tena hofu ya mimba. Anacheka, lakini najua hatanii.

Mama mkwe anasema sindano inaharibu kizazi. Ana jirani aliyechoma, alipoacha akakaa mwaka mzima bila kupata mtoto. Wifi yangu naye aliwekewa vijiti, akawa anatokwa na damu kila mara, na alipokwenda atolewe akaambiwa avumilie, muda wake haujaisha. Hilo ndilo linalonitisha zaidi: kuwekewa kitu halafu nisiweze kukitoa.

Sitaki kufunga kizazi, labda huko mbele tutataka mwingine. Lakini si sasa. Kazini nasinzia, mgongo unaniuma, na mume wangu akinisogelea usiku najifanya nimelala ilhali nampenda. Nifanye nini? Nichome sindano kwa siri? Au kweli nisubiri siku zangu?

Mama Watatu

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Kwanza lile lisilongoja. Wiki hii pima mimba. Kipimo cha mkojo cha duka la dawa kinatosha. Kikisema huna, usitue mzigo wote bado, maana mlikutana wiki iliyopita tu na kipimo hakiwezi kuona mimba changa kiasi hicho. Kuanzia leo tumieni kondomu kila mnapokutana, kisha upime tena zikishapita wiki 3 tangu mara ile ya mwisho. Vidonge vya dharura kwa tendo la wiki iliyopita huenda umeshavikosa, kwani mwisho wake ni siku 5, na hata ndani ya siku hizo nguvu yake hupungua kadiri unavyochelewa. Lakini ujue vipo, na vile vyenye homoni iitwayo levonojestreli hata anayenyonyesha anaruhusiwa kuvimeza.

Sasa turudi kwenye barua yako. Katika watu wote uliowataja, hakuna aliyekukatalia waziwazi. Daktari alisema upumzike, nesi akasema usubiri hedhi, mume anasubiri uachishe mtoto ziwa, mama mkwe angependa usubiri tu bila mwisho. Kila mmoja ana "subiri" yake, na mwili unaosubirishwa ni wako, nao hausubiri. Kwa mama asiyenyonyesha kabisa, yai linaweza kutoka hata kabla mtoto hajafikisha wiki 4. Ndiyo sababu mama wa namna hiyo huambiwa kinga ianze wiki 3 baada ya kujifungua. Tena yai ndilo hutangulia, damu hufuata kama wiki 2 baadaye. Anayengoja aione damu ndipo ajikinge, yai la kwanza linaweza kumpita, likakutana na mbegu, na damu yenyewe isije ng'o. Ndivyo ulivyompata huyu mdogo.

Kuhusu kunyonyesha, waliokwambia hawakuzua. Kunyonyesha kunazuia mimba kweli, ila kwa masharti. Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bellagio, Italia, wakayaafiki masharti ambayo mpaka leo ndiyo yanayofuatwa: mtoto awe chini ya miezi 6, awe ananyonya tu, au karibu kunyonya tu, mchana na usiku, na mama awe hajaziona siku zake. Yakitimia yote matatu kwa pamoja, kinga yake inapita asilimia 98, na hiyo si haba. Likivunjika moja, kinga imevunjika. Lako lilivunjika siku ile uliporudi kazini na maziwa ya kopo yakachukua zamu ya mchana. Ziwa linaponyonywa mara kwa mara ndipo ubongo hupokea ishara ya kulizuia yai. Likikaa saa nane au tisa bila kunyonywa, ishara inalegea. Sikulaumu kwa kurudi kazini, watoto lazima wale. Nachosema ni kwamba kinga ya kunyonyesha imekwisha kwako hata kama damu hujaiona, na hata kama usiku mtoto habanduki kifuani.

Huyo nesi ndiye aliyenikera. Alikuwa na haki ya kutaka kujua kama una mimba. Hakuwa na haki ya kukurudisha nyumbani ukiwa mikono mitupu. Jambo hili si geni: mama aliyejifungua majuzi anaweza kukaa miezi mingi bila hedhi, kwa hiyo kumwambia arudi akiiona ni kumwambia arudi akishapata mimba. Wahudumu waliofundishwa vizuri wana orodha fupi ya maswali sita wanayomuuliza mama asiyeona siku zake. Je, umejifungua ndani ya wiki 4 zilizopita? Je, mtoto yuko chini ya miezi 6, ananyonya tu na hedhi haijarudi? Je, hujakutana na mwanamume tangu ujifungue au tangu hedhi yako ya mwisho? Mengine yanauliza kama hedhi imeanza ndani ya siku 7, kama mimba imeharibika ndani ya siku 7, au kama unatumia njia ya kuaminika bila kukosea. Jibu moja tu la ndiyo, na hana dalili za mimba, anapewa njia siku hiyohiyo. Wewe ungejibu hapana kwa yote sita, nakubali. Hata hivyo kilichofuata kingekuwa kikombe cha mkojo, pakiti ya kondomu na tarehe ya kurudi. Si kukuacha ugeuke uondoke hivihivi.

Pia ujue vijiti, sindano na vidonge haviharibu mimba wala havimletei mtoto kilema ikitokea vimeanza kutumika mama akiwa na mimba bila kujua. Kwa hiyo wako wahudumu watakaokuanzishia papo hapo kipimo cha kwanza kikionyesha huna, halafu upime tena baada ya wiki chache. Kitanzi ndicho kinachotaka uhakika kwanza, kwa sababu kinakaa ndani ya mfuko wenyewe wa uzazi.

Na hilo la "uje na mumeo"? Hakuna sababu ya kitabibu ya kudai mume aje ndipo mke apewe sindano au kijiti. Mume akija, heri, aketi asikie. Lakini kumfanya yeye awe ufunguo wa mlango ni jambo walilojitungia wahudumu wenyewe katika vituo vingi. Ukirudi na ukaambiwa tena hivyo, usigeuke. Sema kwa upole, lakini benchi lisikie na hili pia: "Naomba nipimwe mimba, na naomba kuelezwa njia za mama anayenyonyesha mwenye mtoto wa miezi mitano aliyezaa kwa upasuaji." Maneno hayo yanamweleza mhudumu kila anachohitaji kujua, na yanamwonyesha kwamba umejiandaa. Akikataa, muulize msimamizi wa zamu ni nani. Ikishindikana, nenda kituo kingine, na usione unasumbua.

Nikae hapa kidogo kwa sababu wako wajawazito wanaosoma. Mwanangu huyu alihudhuria kliniki ya ujauzito, akalazwa, akapasuliwa, akashonwa, akaruhusiwa, akarudi na mtoto kwa chanjo. Amepita mikononi mwa wahudumu wangapi? Na aliambulia sentensi moja ya "pumzika". Kijiti kingeweza kuwekwa kabla hajatoka wodini. Kitanzi kingeweza kuwekwa palepale wakati wa upasuaji kondo la nyuma likishatoka, au kwa anayezaa kawaida ndani ya saa 48 baada ya kujifungua; zikipita saa hizo husubiriwa hadi wiki 4 zitimie. Anayetaka kufunga kizazi naye anaweza kufungwa ndani ya siku 7 za kwanza, la sivyo baada ya wiki 6. Mambo haya yanataka kuzungumzwa tumbo likiwa bado kubwa, akili imetulia, si mtu akiwa na uchungu au ganzi haijamtoka. Ukienda kliniki ya ujauzito, waambie waandike kwenye kadi njia uliyochagua.

Turudi kwako. Maziwa.

Mume wako ana hoja, ila ameikuta nusu. Vidonge vya kawaida vyenye homoni mbili, vile vyenye estrojeni, vinaweza kupunguza maziwa, na mama anayenyonyesha huambiwa akae mbali navyo hadi mtoto apite miezi 6. Wiki 6 za mwanzo ndizo za kukatazwa kabisa, kwa sababu wakati huo pia damu ya mzazi huwa rahisi kuganda ndani ya mishipa. Nadhani habari ya "dawa zinakausha maziwa" ilianzia hapo, ikatembea, ikabandikwa kwenye kila njia. Zile zenye homoni moja tu ya projestini, yaani vijiti, sindano ya miezi mitatu na vidonge maalumu vya wanaonyonyesha, hazikaushi maziwa. Sindano hungojea wiki 6 zipite, na wewe zimepita zamani. Kitanzi cha shaba hakina homoni hata chembe. Kitu kilichopunguza maziwa yako, kama yamepungua, ni huo mchana mzima ambao mtoto hupo naye. Ukiweza kukamua ukiwa kazini, kamua.

Jirani wa mama mkwe simkatai, tena huenda kisa chake ni cha kweli kabisa. Sindano ya miezi mitatu huchelewesha kurudi kwa uzazi. Kwa wastani mama aliyeacha sindano huchukua kama miezi 4 zaidi kushika mimba kuliko aliyeacha njia nyingine, na wengine huchukua zaidi ya hapo. Huko ni kuchelewa, kizazi hakijaharibika. Mtu anayejua kwamba mwakani atataka mtoto ashauriwe njia nyingine tangu mwanzo. Vijiti vikitolewa, kitanzi kikitolewa, vidonge vikiachwa, uzazi unarudi bila kuchelewa, kiasi kwamba kuna wanaoshangaa wameshika mimba mwezi uleule.

Wifi yako sasa. Vijiti hubadilisha mpangilio wa damu, hasa mwaka wa kwanza: inakuja bila ratiba, matone leo, kesho hakuna, wengine inadondoka siku nyingi mfululizo. Kwa kawaida si ugonjwa na hupungua kadiri miezi inavyokwenda, na ziko dawa za kuipunguza ambazo mhudumu anaweza kutoa. Ninachotaka kujua ni kama kuna aliyemwambia hayo kabla ya kuwekewa. Mwanamke aliyeelezwa mapema huvumilia. Asiyeelezwa akiona damu anadhani anakufa, na ana haki ya kudhani hivyo. Sindano nayo mara nyingi huikata hedhi kabisa baada ya muda. Damu haijajazana popote tumboni, ukuta wa mfuko wa uzazi haujajengeka tu, hakuna cha kutoka.

Ama kumwambia avumilie kwa kuwa muda haujaisha, hapo nasema wazi: walikosea. Miaka iliyoandikwa ni ya dawa, si kifungo cha mtu. Kijiti hutolewa siku mwenye mkono anapotaka, kwa sababu au bila sababu. Siku utakapowekewa chochote, uliza kabla ya kupanda kitandani: "Nikitaka kutoa, natoa wapi, na nani hapa anajua kutoa?" Wasipokuwa na jibu, nenda kwa wenye jibu.

Kwa wasiojua kinavyowekwa: unalala, mkono usioutumia sana unakunjwa kando ya kichwa, upande wa ndani juu ya kiwiko unasafishwa, unachomwa sindano ya ganzi. Hiyo ndiyo inayouma. Kijiti, chenye ukubwa kama wa njiti ya kiberiti, kinasukumwa chini tu ya ngozi, hakiendi kwenye msuli. Dakika chache unafungwa bandeji. Kesho yake utaona wekundu na michubuko kidogo. Ukipapasa kwa kidole unakihisi, ukitazama kwa macho mara nyingi hukioni. Kiko cha kijiti kimoja na cha vijiti viwili. Kulingana na aina, hukaa kati ya miaka 3 na 5, na katika kila wanawake 1,000 wanaokitumia kwa mwaka, anayepata mimba ni kama mmoja. Kitanzi cha shaba hukaa hadi miaka 10 au zaidi, ila miezi ya mwanzo hedhi huwa nzito na tumbo hukaza, na mwenye upungufu wa damu aliseme hilo mapema. Kama unameza dawa za kifua kikuu au baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, sema pia, kwani ziko zinazodhoofisha vijiti na vidonge.

Wewe binafsi, mwenye kazi ya kuombea ruhusa na foleni ya hadi mchana, ningeanza kuangalia kijiti au kitanzi, njia zinazokutaka kliniki mara moja halafu zinakuacha. Vidonge vya homoni moja ni vizuri, lakini vinataka kumezwa kila siku saa ileile, na mama anayesinzia kazini atavisahau. Kalenda usiiguse kwa sasa; huwezi kuhesabu siku za mzunguko ambao haujarudi. Ukianza kijiti au sindano hedhi ikiwa bado haijarudi, endeleeni na kondomu kwa siku 7 za kwanza. Haya ni maoni ya Shangazi, uamuzi ni wako ukishapimwa presha na kuulizwa maradhi yako.

Nimemwacha mume mwisho makusudi, kwa sababu kwa barua hii yeye si ukuta. Ni mwanamume anayeogopa na hajui aseme anaogopa nini. Mzaha wake wa kutoka nje ndio ulionisimamisha. Anachokwambia pale ni kwamba anaona humtaki tena, na, mwanangu, unajifanya umelala, atafikiri nini kingine? Anaona mke anamkwepa, hajui mke anakwepa mimba. Mwambie hivyohivyo ulivyoniandikia mimi. Mwambie, "Nikipata kinga, sitajifanya nimelala." Sidhani kama kuna maelezo ya daktari yatakayoyapita hayo masikioni mwake. Na kuhusu hamu, wako wanawake wachache wanaosema imepungua wakiwa kwenye njia fulani. Wengi hawaoni tofauti, na wako ambao hofu ikiondoka ndipo hamu inarudi.

Usimwambie usiku kitandani, na usimwambie mama yake akiwepo. Mwanamume akisikilizwa na mama yake hutoa jibu la mama yake. Mchukue mahali mkiwa wawili, umweleze kuhusu kovu. Shirika la Afya Duniani linashauri kati ya kujifungua na mimba inayofuata ipite angalau miezi 24. Kwa aliyepasuliwa kuna jambo la ziada: mimba ikija mapema mno, hatari ya kovu la mfuko wa uzazi kuachia wakati wa uchungu inaongezeka, na likiachia, mama na mtoto wote wanakuwa hatarini dakika hizohizo. Mtoto wa mimba iliyowahi naye ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Daktari alijua hayo aliposema miaka miwili, hakuyafafanua tu. Muulize mume wako swali moja na umwachie nafasi ya kujibu: "Ukisema tusubiri, katika kusubiri huko tunajikinga na nini?" Kama ni kondomu, basi yeye ndiye mwenye kazi, kila mara bila kuruka. Huenda akaona mwenyewe kwamba kijiti ni nafuu.

Kwa siri? Sikusukumi huko, na sikukatazi. Kwa ndoa uliyonieleza, siri ikifichuka itamthibitishia lilelile analoliogopa, kwamba una mambo unayomficha. Jaribu mazungumzo kwanza, huku kondomu zikiendelea. Lakini mazungumzo yasigeuke kuwa subiri nyingine. Mpe muda unaojulikana, tuseme hadi siku utakayorudi kupima mara ya pili, na siku hiyo uende kliniki, awe amekubali au bado anafikiri. Unamwambia unakwenda, kisha unakwenda. Nimalizie upande huu kwa mama mwingine anayesoma, ambaye mumewe anapiga: wewe ushauri wangu ni tofauti. Usalama wako kwanza. Sindano haiachi alama, kadi inaweza kubaki kituoni, na mhudumu anapaswa kukutunzia siri. Ila ukumbuke kukatika kwa hedhi kunaweza kuonekana na mtu anayekufuatilia, kwa hiyo mweleze mhudumu hali yako akusaidie kuchagua.

Mama mkwe usibishane naye. Anamlea mtoto wako mchana kutwa bila malipo, mshukuru, jirani yake mwache apite.

Na mistari ikitoka miwili? Usijifungie ndani kulia hadi tumbo lionekane, kama mara ile. Nenda kliniki ya ujauzito wiki hiyohiyo, uwaambie tarehe ya upasuaji wako na umri wa mtoto, wapime wingi wa damu yako mapema, na mpange tangu mwanzo kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji, si kituo kidogo cha karibu. Mtoto wa miezi mitano aendelee kunyonya, mimba haimkatazi. Kisha, katika ziara hiyohiyo ya kwanza, waandike kwenye kadi: mama huyu anataka kitanzi au kijiti kabla ya kutoka wodini. Usome walichoandika kabla hujainuka kwenye kiti.